Volti Zilizopotelea Kwenye Waya

Mwanangu Barasa,

Umeenda kumuaga nyanya yako, na najua hatakuachilia mapema, kwa hivyo nimepata mchana mzima wa kuandika. Mambo ya sweta, sabuni na nani wa kumpigia ukifika sitayagusa. Umekua, hayo utajikumbusha mwenyewe. Kesho unaenda Eldoret kuishi kwa baba yako mdogo Wafula na kujifunza kazi kwenye karakana yake. Kuna jambo nilipaswa kukuambia zamani, uso kwa uso. Nimelianza mara nyingi, lakini nikilianza sauti yangu inabadilika na wewe unatazama chini, basi naliacha.

Sijui kama unakumbuka siku uliporudi kutoka shuleni, bado mdogo, mkoba mgongoni, ukasimama mlangoni ukaniuliza, "Mama, ni kweli uliuza vifaranga vya watu Uganda?" Nilikuambia ukae ule. Ukala. Hukuuliza tena, na mimi nikashukuru kwamba hukuuliza. Nilidhani kimya changu kilikulinda. Kumbe nilikuacha upokee jibu kutoka kwa watu wengine, na hapa Malaba watu wa kukupa jibu hawajawahi kukosekana.

Sasa nakujibu. Sikuuza hata kimoja.

Wakati huo chama chetu cha akina mama kilikuwa kimenunua mashine ya kuangulia mayai. Aliyeitengeneza ni Fundi Ojiambo wa kule Busia, mzee mpole mwenye kibanda karibu na maegesho ya malori. Ilikuwa sanduku kubwa la mbao lenye kioo mbele, na ndani kulikuwa na feni ndogo na waya wa kupasha joto uliosokotwa kama chemchemi. Tulikubaliana ikae kwetu, kwa sababu boma letu lilikuwa na stima na mimi nilisoma hadi kidato cha nne. Kila mwanachama alileta mayai yake. Wengine walivuka mpaka wakanunua mayai ya kienyeji kwa mashemeji zao upande wa pili, wakayabeba mapajani kwenye bodaboda kama mtu anayebeba mtoto mchanga.

Mayai ya kwanza yalianguliwa vizuri. Mama Amoit, aliyekuwa rafiki yangu wa kwanza nilipoolewa nikaja kuishi hapa kati ya Wateso nikitoka Khunyangu, alipiga magoti mbele ya kile kioo akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuja kila jioni kuangalia tu. Nakuambia haya ujue kwamba tulipendana. Watu wakikusimulia habari ya chama kile huanzia kwenye ugomvi, kana kwamba hatukuwahi kuwa na siku njema.

Kisha mayai yakaanza kufa. Tulipoyavunja tulikuta vifaranga vimeumbika, vina manyoya na midomo, lakini vimekufa ndani. Mara hiyo ya kwanza watu walinipa pole. Mara ya pili walinyamaza. Mimi nilikuwa nikishinda sokoni Malaba nikiuza nyanya na vitunguu. Nikirudi jioni naangalia kipimajoto, joto liko sawasawa, natia maji kwenye trei, nageuza mayai, nalala nikiwa na amani. Nililolikosa ni kwamba mashine ina mchana wake, na mchana huo sikuwa nikiuona.

Baba yako ndiye aliyekuwa nyumbani mchana. Kazi yake ya kusindikiza malori mpakani ilikuwa ya usiku siku hizo. Nilimuuliza, "Mchana stima huwa inapotea?"

Akasema, "Haijapotea. Iko tu."

Hakudanganya. Stima ilikuwa iko tu.

Nilienda kwa Fundi Ojiambo nikiwa nimembebea malalamiko. Nilimwambia mashine yake ni mbovu. Hakukasirika. Alinipa kiti, akaniuliza, "Mama, umepima?"

"Kupima nini?"

"Volti zinazoingia na ampea zinazopita. Bila hizo mbili mimi na wewe tunapiga ramli tu."

Alinikumbusha hesabu niliyoifanya shuleni bila kujua ingekuja kunihusu. Volti ni msukumo. Ampea ni kiasi cha mkondo unaopita. Ukigawanya volti kwa ampea unapata ukinzani wa kile kitu, yaani jinsi kinavyouzuia mkondo, na ukinzani tunauhesabu kwa ohm. Ukizidisha volti kwa ampea unapata nguvu, yaani wati, na wati ndizo zinazoleta joto. Aliniazima mita mbili, moja ya volti na nyingine yenye mdomo kama koleo, ya kubana waya na kusoma mkondo bila kuukata. Akanishika mkono kabla sijaondoka. "Usipime jioni peke yake. Kaa nayo siku nzima. Waya mbaya haujulikani mpaka ubebeshwe mzigo."

Siku iliyofuata sikuenda sokoni. Asubuhi, baba yako akiwa amelala, nilipima kwenye mashine. Volti mia mbili na ishirini, ampea mbili. Nikagawanya: ukinzani ohm mia moja na kumi. Nikazidisha: wati mia nne na arobaini. Hivyo ndivyo Fundi alivyoitengeneza. Mashine ilikuwa nzima, nami nikaona aibu kwa niliyomwambia.

Kisha nikasikia mlio nyuma ya jikoni, ule mlio wa kukwaruza wa mtu anayechomelea chuma. Mwanga wa buluu ukaruka ukutani. Nikatazama mita. Volti mia moja na sitini na tano. Ampea moja na nusu.

Fanya hesabu hiyo nami, Barasa, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha maisha yetu na hakuna aliyekubali kuifanya. Mia moja na sitini na tano gawanya kwa moja na nusu. Unapata ohm mia moja na kumi, ileile ya asubuhi. Waya wa kupasha joto haukuwa umeharibika hata kidogo. Sasa zidisha. Hazifiki wati mia mbili na hamsini. Volti zilikuwa zimepungua robo tu, lakini joto lilipungua karibu nusu, kwa sababu volti zikishuka mkondo nao unashuka, na vyote viwili vinakuibia kwa pamoja. Feni nayo ilikuwa ikijikokota. Kipimajoto kikaanza kuteremka polepole, na ndani mle mayai ya watu yalikuwa yakipoa.

Nilizunguka nyuma ya jikoni. Baba yako mdogo alikuwa na kibanda chake pale, hilo nililijua, lakini alikuwa akitumia jenereta. Siku hiyo jenereta ilikuwa pembeni, imefunikwa gunia. Kutoka kwenye mashine yake ya kuchomelea kulikuwa na waya uliopita chini ya paa la jikoni na kuungwa kwenye ule wetu unaotoka kwenye mita ya stima kule barabarani.

"Wafula," nikamwambia, "hii umeunga lini?"

Akavua miwani yake ya giza, akaniita shemeji kwa lugha yetu kama kawaida yake. "Mulamwa, jenereta iliharibika kitambo. Si nilimwambia bro? Alisema hakuna shida."

Nilienda kwenye mita barabarani nikapima yeye akichomelea. Pale volti zilikuwa mia mbili na ishirini, hazijatikisika. Kwa hivyo zile hamsini na tano zilikuwa zikipotelea njiani, kwenye waya wetu mwembamba unaokuja nyumbani. Nikaubana kwa koleo: ampea ishirini na mbili. Hamsini na tano gawanya kwa ishirini na mbili ni ohm mbili na nusu. Ukinzani mdogo sana, ungeudharau. Lakini zidisha hamsini na tano kwa ishirini na mbili, utapata wati zaidi ya elfu moja, zinachoma waya uliolala juu ya ua na hazimfaidi mtu. Niliugusa mpira wake. Ulikuwa wa moto. Vifaranga vilikuwa vikifa kwa baridi huku mimi nikipasha ua wa michongoma.

Ndipo nikaelewa pia kwa nini tokeni za stima zilikuwa zinaisha upesi. Miezi yote hiyo baba yako alikuwa akiniambia, "Hiyo mashine yenu ya kuku inakula stima kama nini." Alikuwa akiniambia hivyo akijua.

Nilimwamsha. Nilimwambia kwa upole, Mungu ni shahidi. Nilimwonyesha mita zote mbili. Akakaa kitandani akasugua uso. "Sawa. Nitaongea na Wafula." Nikamwamini. Nikamwambia Alhamisi nitawaita wanachama waje waone kwa macho yao, ili jina langu lisafike, kwa sababu kufikia hapo maneno ya kuuza vifaranga Uganda yalikuwa yameshaanza kuzunguka sokoni. Akasema, "Waite."

Walikuja Alhamisi, karibu wote. Niliweka mita juu ya mashine. Nikachora kwenye vumbi la uani, volti hapa, ampea hapa, nikawaeleza kugawanya na kuzidisha. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilidhani mtu akionyeshwa ukweli kwa hesabu atasema ahsante. Sikuona kwamba mbele yangu kulikuwa na wanawake waliozika mayai yao, na mimi nawafundisha kama mwalimu wa zamu. Huo ulikuwa ubovu wangu, na ningeweza kuufanya tena, kwa sababu mtu mwenye haki huwa na kiburi asichokijua.

"Sasa subirini Wafula aanze kuchomelea," nikasema.

Tulisubiri. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Ule waya wa chini ya paa haukuwepo. Mita ilisoma mia mbili na ishirini, na ikaendelea kusoma hivyo hadi chai ikapoa kwenye vikombe.

Mama Amoit akasema, "Lakini iko sawa tu, Mama Barasa. Wewe mwenyewe unasema hiyo number ndiyo nzuri."

"Ni kwa sababu leo hachomelei."

"Mzee wako yuko hapo ndani. Yeye anasema nini?"

Baba yako alikuwa sebuleni. Mlango ulikuwa wazi, niliona magoti yake na gazeti. Wote waligeuka wakatazama ule mlango. Ningeweza kumwita. Ningeweza kusema, anajua, nimemwonyesha, mwulizeni. Badala yake nikasema, "Yeye analala mchana. Hajui hizi vitu." Nilimkinga. Mwanamke anafunzwa kuficha aibu ya nyumba yake tangu akiwa msichana, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Gazeti halikusogea.

Wanawake hawakuwa wamefika mbali barabarani nilipousikia ule mlio tena. Nilikimbia ndani kutazama mita, sijui kwa nini, kwa sababu nilijua nitakachokikuta. Nikamfuata baba yako. "Nani alimwambia Wafula afunge leo?"

Alikunja gazeti vizuri. "Mimi. Ungetaka nimwaibishe ndugu yangu mbele ya wanawake? Wangeenda kwa chifu. Angelipishwa mayai ya kijiji kizima, na hiyo kazi ndiyo ameanza."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu wa nyumba. Hii itapita."

Chama kiliamua mashine ihamishiwe kwa Mama Amoit. Sikupinga. Kwake nyumba iko karibu kabisa na nguzo, waya wake mfupi na mnene, na hakukuwa na mtu anayechomelea. Mayai yalianguliwa karibu yote. Fikiria hilo, mwanangu. Hakuna ushahidi mkubwa kuliko huo kwamba tatizo lilikuwa waya. Lakini soko zima lilisema, mnaona? Mashine ni nzima. Ikitoka tu kwa Mama Barasa, vifaranga vinapatikana. Kitu kilichonitoa hatiani ndicho kilichonifunga.

Nilienda kwa Mama Amoit mara moja. Alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nikamwambia aje achukue mita apime kwangu siku yoyote, bila kuniambia ni lini.

Akasema, "Mimi si mtu wa mita. Ungelia tu siku ile, ungesema umekosea, tungekusamehe."

"Nikubali kosa gani?"

"Hiyo ndiyo shida yako," akasema, akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Alikufa mwaka juzi, ulikuja nami mazishini kule Kocholia, ukaona nilivyowekwa nyuma kabisa, na hukuniuliza kwa nini.

Wafula alifanikiwa. Alipata kazi ya mageti, kisha ya kuunda mabodi ya malori, akahamia Eldoret. Sikuambii ni mtu mbaya. Amekupenda tangu ukiwa mtoto, na kwa chuma mkono wake ni mzuri kweli, utajifunza mengi. Krismasi akija hunisalimia kwa heshima zote, "Mulamwa, uko poa?" Nami namtilia chai. Sidhani kama anakumbuka. Aliyepoteza volti ndiye anayezihesabu. Anayezitumia anaona tu chuma kimeshika.

Sitaki umchukie. Chuki nimekuwa nayo ya kutosha nyumba nzima, na nimeona inavyofanya kazi: inapasha moto mahali pasipofaa na kuacha panapofaa pakiwa baridi. Wewe ulikuwa mahali panapofaa. Kuna miaka nilikupikia, nikakufulia, nikakulipia shule, lakini sikukutazama, kwa sababu una paji la uso la baba yako na kicheko cha Wafula. Ulikuwa ukija na michoro yako ya saketi uniulize, nami, niliyeijua hesabu hiyo kuliko wengi, nikakutuma kwa baba yako. Hili ndilo linaloniuma leo kuliko chama na kuliko soko.

Kwa hivyo acha nikufundishe kidogo, nimechelewa. Ukifika kule utaambiwa kitu hiki ni kibovu, kile ni kibovu. Usikubali mpaka upime volti na ampea, ugawanye uone ukinzani, uzidishe uone nguvu. Ukinzani ukiwa uleule na nguvu imepungua, kiache kile kitu, hakina kosa. Fuata waya unakotoka. Upime kazi ikiwa inaendelea. Mita ukiisoma wakati kila mtu amepumzika itakuonyesha namba nzuri, na utarudi nyumbani na namba hiyo nzuri kama wale akina mama. Na ukikuta kwamba anayezila volti ni mtu unayempenda, hesabu haibadiliki. Hilo hakuna kitabu kitakachokuambia na hakuna fundi atakayekusaidia.

Baba yako amesharudi, namsikia uani. Leo amekuwa akikutafutia sanduku la chuma la kuweka vifaa. Ni mtu anayewapenda watoto wake. Nimeishi naye miaka hii yote, tunakula meza moja, tunaenda kanisani pamoja, na watu husema tumeelewana. Hatujawahi kuzungumza tena juu ya Alhamisi ile. Jioni nyingine, akinyamaza kwa muda mrefu, mimi huinua macho nikidhani sasa anataka kusema. Huwa anataka chumvi.

Utaoa siku moja. Siwezi kukuchagulia mke wala sitajaribu. Lakini ikitokea mkeo amesimama mbele ya watu, wanamgeukia, na wewe uko ndani na unajua, weka chini chochote ulichoshika. Toka mpaka mlangoni. Sema, "Ni kweli. Nilijua." Watakutukana, ndugu yako atakukasirikia, pengine utalipa. Lipa. Halafu urudi ndani na mkeo.

Mama yako,
Nekesa